Mshika Kamba Anashuka

4 Juni

Chura, ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Najua ukiona bahasha nene utadhani kuna msiba. Hakuna msiba, endelea na chai yako.

Nimejiandikisha kujifunza kuzamia.

Cheka kwanza, nitakungoja. Mzee wa miaka sitini na tatu, kitambi mbele, mtu aliyekaa miaka kumi na mitano kwenye boti ya idara ya maji akikushikia kamba wewe uliye chini, leo anataka kushuka mwenyewe. Binti yangu alininunia siku tatu. Siku ya nne akanipeleka kwa daktari akitumaini nitakataliwa. Daktari alipima moyo, mapafu na masikio, akasema ningekuwa gari angeninunua.

Shule iko pale pale bwawani, kwenye gati letu la zamani. Ghala la boti wamelipaka rangi ya buluu na kuweka viti vya plastiki. Nilikuwa napita kwenda kununua bawaba za mlango, nikaona dirishani miwani ya kuzamia yenye lenzi za watu wasioona mbali. Nilisimama pale mpaka mwalimu akatoka kuniuliza kama nimepotea. Unakumbuka idara ilipotaka mzamiaji mmoja, tukaomba kazi sisi wawili, na daktari wao akaandika kwamba macho yangu hayafai. Wewe ukapewa mtungi wa hewa, mimi nikapewa kamba. Kumbe ilikuwa shida ya vioo tu.

Lakini wewe hudanganyiki, unajua huu si mchezo wa uzeeni. Ni ile siku. Nilivuta kamba mara nne, maana yake panda juu, na hukujibu. Nikangoja. Nilidhani unamalizia kazi. Kamati ya uchunguzi niliiambia dakika mbili, lakini kwa kweli sijui zilikuwa ngapi. Wewe umenaswa kwenye wavu wa bomba kuu uliokuwa ukiusafisha, hewa inaisha, mimi nimekaa juu na kofia yangu. Ulipochomoka ukapanda kwa kasi ambayo mwili wa mzamiaji hauivumilii, na mguu ukafa hapo hapo. Ni miaka kumi na miwili sasa, na hujawahi kunilaumu hata kwa jicho. Ungenilaumu ningelala vizuri zaidi.

Nataka kuyaona hayo maji kabla sijafa. Wavu wenyewe sitaufikia, uko mita ishirini na nane na cheti cha kwanza kinaishia kumi na nane. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikifika hata nusu, nitakuwa nimejua kitu kuhusu nilichokufanyia.

Niandikie, maana simu huisikii.

Wako,
Kamba

15 Juni

Kamba,

Nimecheka. Shemeji yako naye amecheka, halafu akaacha, akauliza kama kuna mtu huko anayekuangalia.

Usishuke. Kila jioni ulikuwa ukiniuliza kuna nini chini, na kila jioni nilikujibu tope na giza. Jibu halijabadilika. Utalipa ada, utabanwa na vazi la mpira, utaenda kuona tope. Tope hata hapa kwangu lipo, njoo nikuonyeshe bure.

Mguu ni wangu. Nimeshauzoea, unanisumbua asubuhi za baridi tu. Mara ngapi nimekuambia uache kuubeba? Kamati ilishafunga faili na wewe ulishastaafu. Kaa na wajukuu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu la kuonyesha ninalo, kwa hiyo nisikilize.

Kama hutanisikia, na najua hutanisikia: bana pua upulize masikio mapema, kabla hayajaanza kuuma. Na usizuie pumzi hata mara moja. Hayo mawili tu.

Chura

29 Juni

Chura,

Nimepumua ndani ya maji.

Ngoja niandike tena, maana mkono wenyewe hauamini. Nimepumua ndani ya maji. Ilikuwa kwenye kidimbwi cha kuogelea, mita mbili tu, vigae vyeupe, na nzi mmoja aliyekufa anaelea juu. Mwalimu wetu ni msichana wa umri wa binti yangu, mikono yake ina nguvu kuliko ya fundi bomba. Alitupigisha magoti chini. Mimi nilikuwa nimefumba macho kabisa. Pumzi ya kwanza niliivuta nikisubiri maji yaingie, na ikaja hewa. Nikavuta ya pili, ikaja hewa. Nikafumbua macho.

Sijui nikuambie nini. Umri wote huu nimejua jambo moja kuhusu maji, kwamba binadamu akikaa ndani anakufa. Na mimi nilikuwa nimekaa ndani. Nilikuwa nayasikia mapovu yangu yakipanda, yale yale niliyokuwa nayahesabu kwako kutoka juu, safari hii yanatoka kinywani mwangu. Nililia, Chura. Nililia ndani ya miwani. Mwalimu akadhani maji yameingia, akanionyesha kwa mikono namna ya kuyatoa kwa kupuliza pua. Nikayatoa kwa utiifu, nikalia mengine.

Vazi la mpira lilihitaji watu wawili kunivika. Mwenzangu wa mafunzo ni mama mmoja mfamasia, mpole, anayeniita mzee kwa heshima zote huku akinisukuma tumbo ili zipu ipite. Kila mwanafunzi ana mwenzake, kazi yao kulindana. Hilo nalijua, nikamwambia, nimelifanya miaka kumi na mitano.

Siku ya mwisho tulifundishwa kuelea bila kushuka wala kupanda. Unavuta pumzi, unainuka kidogo. Unatoa, unashuka kidogo. Katikati yake kuna mahali ambapo huna uzito wowote. Nilikaa hapo. Magoti yangu haya yanayolia kwenye ngazi yalinyamaza.

Kwa nini hukuwahi kuniambia?

Kamba

8 Julai

Kamba,

Kwamba hewa inatoka kwenye mtungi nilidhani unajua, wewe ndiye uliyekuwa unaujaza.

Nimefurahi kwa ajili yako. Sasa umepumua, inatosha. Kidimbwi si bwawa. Bwawani kuna baridi, kuna giza, na mwezi huu maji yana uchafu wa mvua zilizopita. Ungekuwa Agosti ningesema afadhali, siku maji yakisafika (hapa nimefuta, usihangaike kusoma).

Shemeji yako anaomba picha yako. Anataka kukuona ndani ya mpira.

Chura

27 Julai

Chura,

Picha hiyo hapo ndani. Mwambie shemeji asiibandike ukutani.

Nimefeli.

Nianze na mazuri. Nimeshuka bwawani mara tatu, mita sita, mita tisa, mita kumi na mbili. Maji ni mazito kama ulivyosema, unaona mwisho wa mkono wako na kidogo mbele. Nilikuwa tayari kukubali kwamba ulisema kweli. Halafu mara ya pili, pale mita sita kwenye mchanga, nikamwona samaki jike amesimama juu ya kishimo alichokichimba mwenyewe. Mbele ya uso wake kulikuwa na vijisamaki vidogo kama mbegu za nyanya, mamia. Kivuli changu kilipopita juu yao, mama alifungua kinywa. Wakaingia. Wote, wanasukumana kama watoto wa shule mlangoni mvua ikianza. Akafunga. Akanitazama. Nikarudi nyuma polepole na kukaa kimya, na nilipokaa kimya kiasi cha kumtosha, akafungua, wakatoka tena.

Mimi nimelea watoto wanne na sijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Chura, mita sita. Ulipita hapo kila siku ya kazi.

Sasa mabaya. Safari ya tatu ndiyo iliyokuwa na mtihani. Kila mtu atazame geji yake ya kupima hewa, na hewa ikifika alama waliyotupa amwonyeshe mwalimu. Mama mfamasia alikuwa mbele yangu. Nikayaona mapovu yake. Sikukusudia, lakini macho yalikwenda yenyewe, nikaanza kuhesabu: anavuta haraka, sasa ametulia, sasa ameona kitu kimemshtua. Nikasogea nikatazama geji yake, iko vizuri. Baada ya muda nikaitazama tena. Niliijua hewa ya yule mama mpaka tone la mwisho. Yangu sikuitazama hata mara moja. Mwalimu ndiye aliyeishika akaigeuza, mshale uko kwenye nyekundu.

Alinipandisha akinipa hewa kutoka kwenye kipumulio chake cha akiba. Juu ya boti hakupiga kelele. Alisema, "Mzee, huku chini hakuna aliye juu. Ukiisha wewe, huyo unayemlinda ameisha pia." Kisha akasema mtihani nitaurudia.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Nadhani ni kweli nilizaliwa mshika kamba. Na hata hiyo kamba, siku iliyohitajika, sikuishika sawasawa.

Kamba

5 Agosti

Kamba,

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rudia mtihani.

Ndiyo, ni mimi niliyekuwa nikikuambia usishuke. Shemeji yako ameyasoma haya begani kwangu na kunionyesha kosa langu, tumeshagombana, tuendelee.

Fanya hivi. Kila ukivuta pumzi kumi, tazama geji. Kumi nyingine, tazama tena. Wewe ni mtu wa kuhesabu, basi hesabu zako. Yule mama ana macho yake. Umewatazama watu vya kutosha.

Na lile la mwisho uliloandika, kwamba hukuishika kamba sawasawa, sitaki kulisoma tena. Uliishika. Kuna neno nataka kukuandikia juu ya jambo hilo, ila kalamu inanigomea. Tuliache kwa leo.

Yule samaki namjua. Si yule yule, bila shaka, labda kilembwe wake.

Chura

16 Agosti

Chura,

Nakaa chini kukuandikia na sijui kama nitaweza.

Maji yamesafika. Mwalimu alitupeleka upande wa mashariki, kwenye mteremko, tukashuka tukifuata kamba ya boya. Nilihesabu kama ulivyonifundisha, pumzi kumi, geji, pumzi kumi, geji. Mita kumi na sita. Kisha nikainua macho.

Miti. Imesimama. Ule msitu uliofunikwa walipojenga bwawa, kumbe haukuoza wala kuanguka, upo, matawi kwa vijitawi, bila jani hata moja. Na mimi nilikuwa juu ya vilele vyake. Chini yangu mashina yalikuwa yanashuka na kushuka mpaka pale ukijani unapogeuka kuwa weusi. Mwanga wa jua ulipenya kwa mistari mirefu iliyokuwa ikitembea taratibu juu ya matawi. Samaki walikuwa wanapita katikati ya miti kwa makundi, na kundi likigeuka linageuka lote kwa pamoja, linameta mara moja, halafu halipo. Sauti pekee ilikuwa pumzi yangu. Nilisahau umri wangu. Nilisahau mtihani. Nadhani hata jina ungeniuliza nisingelipata. Kama kuna mahali Mungu alipomaliza kazi akapasitiri kidogo ili abaki napo mwenyewe, ni pale.

Mwalimu akaja mbele yangu akainua kidole gumba, maana yake tupande. Nilimwona, Chura. Nilimwona vizuri kabisa, na nikageuza kichwa nikajifanya natazama samaki. Akainua mara ya pili. Nikajifanya tena. Hewa ilikuwepo, muda ndio uliokuwa umekwisha. Mara ya tatu alinishika jaketi akanipandisha kama mzigo.

Kwenye boti nilimwambia ukweli, kwamba nilimwona. Aliifunga boti gatini kwanza. Kisha akasema nitarudia tena, na nikifanya hivyo mara nyingine cheti nikisahau. Ana haki.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaichukua barua yako ya Julai nikaiinua dirishani. Ulifuta vizuri, ila unaandika kwa kukandamiza. Inasema: "siku maji yakisafika unaiona miti mpaka mwisho wa mteremko."

Miaka kumi na mitano uliniambia tope.

Nina swali moja, na sitaki mzaha. Siku ile nilipovuta mara nne, ulikuwa umenaswa, au ulikuwa unatazama?

Kamba

24 Agosti

Kamba,

Nilikuwa natazama.

Nimeandika hilo peke yake kwanza, ili lisipotee katikati ya maneno mengine.

Wavu ulikuwa safi siku ile. Niliumaliza kwa dakika kumi, nikageuka, na maji yalikuwa yamefunguka kuliko nilivyowahi kuyaona. Niliona mteremko wote. Niliona miti hadi chini kabisa, ambako mwanga haukuwahi kufika mbele yangu. Nikaenda. Nilivuta kamba zaidi, ukanipa bila kuuliza, ukidhani nahangaika upande wa pili wa wavu. Nilipita katikati ya mashina. Nililigusa moja. Uliponiita nilihisi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote nilizihisi mkononi, na kila mara nilisema moyoni, bado kidogo tu. Nilipotazama geji hewa ilikuwa imekwisha na nilikuwa chini mno. Nilipanda kwa hofu. Mengine unayajua.

Wavu haujawahi kuninasa. Kamati waliponiuliza nilikuwa kitandani hospitalini, watoto watatu shuleni, na nilijua wakisikia nilikuwa natalii wakati wa kazi watanifukuza bila hata pensheni ya ajali. Nikasema nilinaswa. Nilidhani yataishia hapo. Sikujua kwamba wewe, chumba cha pili, ulikuwa unawaambia ulichelewa kunivuta juu. Nilipojua, walikuwa wameshakuhamishia ghala la vipuri. Nilisema nitakuambia wiki ijayo. Wiki ijayo imekuwa miaka kumi na miwili.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliirefusha kwa kukukalisha wewe ndani yake. Ndiyo maana sikutaka ushuke. Si umri wako. Nilijua ukiona, utajua.

Nitawaandikia idara nikisema yote. Niambie tu.

Chura

20 Septemba

Kamba,

Sijapata neno kutoka kwako. Shemeji yako amekwenda posta mara tatu. Nilimwambia kila kitu, kwa hiyo ujue kwamba huku pia sisemeshwi sana.

Sikuulizi kitu. Nataka tu kujua kama uliufanya ule mtihani.

Chura

11 Oktoba

Chura,

Barua zako zote mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na karatasi ni ghali.

Miaka tisa nilihesabu valvu na maungio ya mabomba kwenye ghala lisilo na dirisha, nikiamini ni adhabu yangu halali. Nilikuja kukutembelea kila mwaka, nikakutazama ukiburuta ule mguu kunifungulia mlango, na ukanitazama usoni ukanikaribisha chai. Mke wangu, Mungu amrehemu, amekufa akiamini ameolewa na mtu aliyemlemaza rafiki yake. Alinitetea, lakini aliamini. Huyo huwezi kumwandikia barua.

Sijakusamehe. Naandika hivyo ili ujue tulipo, maana wewe na mimi tumechoka kutojua.

Lakini kuna jambo linalonizuia kukuchukia kama ninavyotaka, nalo ni kile kidole gumba cha mwalimu. Nilikiona na nikageuza kichwa. Ningekuwa na dakika moja zaidi na mtu wa kunipa kamba, ningeshuka kwenye ile miti mpaka kiza, na mtu wangu wa juu angekaa akihesabu. Nimejaribu kujidanganya kwamba mimi ningejibu. Nisingejibu. Sijui hasira hii niipeleke wapi, kwa sababu kila nikiituma kwako, inanikuta mimi pale mita kumi na sita.

Mtihani niliurudia tarehe mbili Septemba. Geji kila pumzi kumi, na kidole gumba kilipoinuka nami nikainua changu, nikageuka na kupanda, na hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya kwenye mafunzo yale. Cheti kimekuja wiki iliyopita, kadi ndogo ya plastiki. Kwenye picha nimekunja uso kama mtu anayedai haki yake. Binti yangu amewaonyesha majirani wote, yule yule aliyeninunia.

Idara usiiandikie. Imeshabadilishwa jina mara mbili, wale wa kamati wengine hawapo duniani, na kijana atakayeifungua barua yako atakuwa hajui bomba kuu liko wapi.

Binti yangu aliniuliza basi nataka nini kwako. Nimefikiri wiki saba. Nataka ulichokiona. Chote. Miaka kumi na mitano ulishuka na kupanda mbele yangu, na mimi nilikuwa nakuvua mtungi, nakukausha mgongo, nakuuliza, unanipa neno moja. Mimi sasa nina mita kumi na nane na miguu mizee. Kule ulikofika sitafika. Kwa hiyo niandikie. Anza siku ya kwanza kabisa, usiruke, usipunguze kwa kunionea huruma. Nikipata barua yenye neno tope, nitaichoma.

Kamba

19 Oktoba

Kamba,

Siku ya kwanza.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, hakuna upepo. Nilikuwa naogopa, jambo ambalo pia sikukuambia. Niliruka kwa mgongo kama walivyotufundisha, nikashuka nimeshikilia kipumulio kwa mikono miwili, na mita sita nikasimama kwenye mchanga ili moyo utulie. Nilitaka kwanza kujua juu ni wapi. Nikainua uso.

Kutoka chini, maji matulivu yana tundu la duara juu yako, jeupe, na dunia nzima ya nje imejikunja ndani ya tundu hilo. Anga ilikuwemo. Ukingo wa gati ulikuwemo, na miti ya ufukweni imeinama pembeni pande zote. Boti ilikuwa katikati, nyeusi. Na ukingoni mwa boti ulikuwa wewe. Ulikuwa umeinama kiasi kwamba nilidhani utaanguka. Miwani yako ilikuwa inang'aa, kamba umeishika kwa mikono yote miwili, na midomo yako ilikuwa inatembea. Nilichukua muda kuelewa kwamba unahesabu pumzi zangu.

Nimeona mengi baada ya hapo na nitakuandikia yote, lakini umesema nianze na la kwanza, na la kwanza ndilo hilo. Hofu iliniisha pale pale. Nilipopanda ukanivua mtungi ukaniuliza kuna nini chini, na macho yako nyuma ya vile vioo yalikuwa yanangoja kama ya mtoto. Ningekuambiaje wewe, mtu waliyemkataa kwa sababu ya macho? Nikasema lile neno ulilonikataza.

Kila asubuhi ya kazi, Kamba, miaka yote ile, kabla ya kwenda kwenye wavu nilisimama kwanza mita sita, nikatazama juu. Nilipokuona umeinama, nilishuka.

Chura